Imetoka, Haijauzwa

4 Aprili

Mdogo wangu,

“Kodi ni kodi. Iite ushuru, iite kodi ya mauzo, ni mkono uleule ndani ya mfuko uleule, na hakuna anayeweza kukudai kabla hujauza.”

Hayo ni maneno yako. Uliyasema Jumamosi mbele ya wenye maduka wenzako, umesimama juu ya kreti langu la soda, wakakupigia makofi mpaka mlinzi wangu akaja kuchungulia. Nilinyamaza kwa sababu Mama alikuwa ndani ya gari ananisubiri na mguu wake umevimba. Sasa tumefika, Mama amelazwa, kalamu ninayo, na sinyamazi tena.

Umekosea, Mwenyekiti. Ungekosea dukani kwako nisingejali. Lakini mpaka nirudi, wewe ndiye unayekishika kiwanda changu, na kosa hilo linaweza kukifunga.

Kodi ya mauzo unaijua kwa sababu unaishi nayo. Mtu anaingia, anachagua sufuria, daftari au soda, anafika kaunta, unampigia risiti. Asilimia ya serikali imeandikwa pale chini. Anaiona, ananuna, analipa. Asiponunua hakuna kodi. Sufuria ikae rafuni mpaka iote kutu, hakuna atakayekuja kukugongea. Kodi hiyo inakaa kaunta na ina swali moja tu: imeuzwa?

Ushuru wa bidhaa hauji kaunta. Unakaa langoni kwangu. Hauna shida na sufuria wala daftari. Umechagua vitu vyake vichache, sigara, pombe, mafuta ya gari na, kwa bahati mbaya ya familia yetu, soda. Hautazami bei, unapima lita. Mnunuzi hauoni kwenye risiti kwa sababu umeshajificha ndani ya bei kabla chupa haijafika kwako. Na swali lake ni jingine kabisa: imetoka? Chupa ikivuka lango, nadaiwa. Iuzwe, igawiwe bure, ivunjike barabarani, inywewe na mbuzi, nadaiwa. Halafu wewe, juu ya bei hiyo iliyokwisha kubeba ushuru, unapiga asilimia yako. Mnunuzi analipa kodi ya kodi, kisha ananitukana mimi kwamba soda yangu ghali.

Kwa hiyo naacha amri moja. Stempu za ushuru zimeniishia, nimeagiza, zitafika kabla ya mwisho wa mwezi. Mpaka zibandikwe, na mpaka mimi nitie sahihi, hakuna chupa inayotoka. Fundi Mitambo aanze kujaza ile tangawizi mpya, taratibu, na katoni zipangwe ndani ya ghala. Leseni yangu ya kutengeneza soda inaisha mwezi huu, na yule Afisa tunayemwita Miwani atakuja kukagua kabla ya kunipa nyingine. Akikuta katoni isiyo na stempu nje ya ukuta wangu, hanipi. Watu saba wanakula kutokana na kiwanda hicho, na dawa za Mama zinatoka humo humo.

Niandikie, usipige simu. Sisi tukipigiana tunagombana kabla ya salamu, na wodi hii ina masikio. Barua mpe dereva wa basi la asubuhi, nimeshaongea naye.

Dada yako


7 Aprili

Dada,

Shikamoo. Umeandika ukurasa mzima na nusu kuhusu ushuru, na kuhusu Mama umeandika kwamba amelazwa. Anaendeleaje? Mguu umepungua? Anakula?

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili kwa sauti, mbele ya Fundi Mitambo. Alicheka sana pale pa mbuzi. Mimi hukunishawishi.

Niambie: mwisho wa yote nani analipa? Si wewe, si mimi. Ni yule mama aliyekuja na mtoto mgongoni kununua soda moja wagawane. Wewe langoni na mimi kaunta ni matarishi wawili wa bwana mmoja. Kwamba tarishi mmoja anavaa kofia na mwingine kilemba hakuniondolei hoja yangu. Na ni akili ya wapi, Dada, kumdai mtu fedha za kitu ambacho bado hajakiuza? Azitoe wapi? Mimi nikiweka sufuria rafuni hakuna anayenidai, umesema mwenyewe. Chupa ina dhambi gani kuliko sufuria?

Hilo litasubiri urudi, tugombane tukiwa tumekaa. Kuna jambo lingine. Paa la ghala linavuja upande wa barabarani. Mvua tangu juzi haijashika adabu. Katoni za chini zimelowa, zinavimba matumbo, na ukizigusa zinakubakia mkononi. Fundi anataka tusimamishe mashine. Nikamuuliza, tukisimamisha ile shira iliyopikwa tunaipeleka wapi? Akanitazama kama mtu anayemtazama mwenye duka. Unajua jicho lake.

Usitie wasiwasi. Mimi nimeendesha duka miaka kumi na sita na halijawahi kulowa.

Mdogo wako


10 Aprili

Mdogo wangu,

Mama hajambo. Anakula. Daktari anapita kila asubuhi, anautazama mguu, anasema maneno mawili matatu, anaondoka. Anakusalimu. Anasema usije, barabara ni mbaya, na kiwanda hakina mtu mwingine.

Hoja yako ya matarishi ni nzuri na naikubali nusu. Ni kweli, mwishowe analipa mnunuzi. Lakini wewe tarishi wa kaunta unapokea kwanza ndipo unapeleka. Mimi tarishi wa langoni napeleka kwanza, kwa fedha zangu, kisha naomba usiku na mchana kwamba chupa iuzwe nizipate tena. Isipouzwa, zimekwenda. Umeuliza ni akili ya wapi. Ni akili ya mtu anayejua kwamba malango ni machache na kaunta ni nyingi. Kumsimamia mtu mmoja anayetengeneza ni rahisi kuliko kuwakimbiza elfu wanaouza. Sisemi ni haki. Nasema ndivyo ilivyo, na anayetaka kuipinga sheria aijue kwanza, asiipinge akiwa ameishikilia kichwa chini miguu juu.

Paa: weka mbao chini, katoni juu ya mbao, turubai juu ya katoni. Mashine isimamishwe. Fundi yuko sahihi na jicho lake pia. Shira ikiganda tutaichemsha. Leseni ikiganda hakuna jiko la kuiyeyusha.

Nimechoka kukaa. Korido hii ina vigae vyekundu na vyeupe, na nimeitembea mpaka mfagiaji ananiomba nipishe. Kuna mgonjwa mwenzetu hapa, jamaa wa kuendesha malori, anayeniita Mama Msafara. Nimemwambia akiongea tena nitamwambia nesi kuhusu sigara zilizo chini ya godoro lake, ambazo, nikamkumbusha, ameshazilipia ushuru hata kama nesi atazitupa. Hakuelewa. Hakuna anayeelewa.

Niandikie kuhusu ghala. Kweli kweli, si kwa mzaha.

Dada yako


13 Aprili

Dada,

Shikamoo. Nimefurahi sana kusikia Mama anakula. Nimemnunulia kanga mbili, nampa dereva pamoja na barua hii.

Ghala sasa usiwe na shaka nalo. Ni kavu. Nafasi ipo tele, hata tumefagia na kupiga deki mpaka kwenye ukuta wa nyuma, mahali ambapo naapa hapajaona ufagio tangu ukinunue kiwanda. Fundi wa paa amekuja na ngazi yake, amepanda, ameshuka, ametaja bei, nimemwambia apande tena akaitafute bei nyingine. Mashine haikusimama hata siku moja. Tunajaza vizuri.

Na habari njema: hiyo tangawizi mpya ni kiboko. Mama Mizani, yule wa duka la nafaka, anasema inakuna koo kama inavyotakiwa. Bei Moja anasema ukiipunguza sukari kidogo itauzika mpaka kwa wazee. Hata Kona, ambaye hajawahi kusifu kitu asichokiuza yeye, ameuliza itatoka lini. Unaona? Ukimwacha mwenye duka aendeshe mambo, soko linafunguka lenyewe.

Mwambie Mama mwanawe anakumbuka.

Mdogo wako


15 Aprili

Wewe,

Nafasi imetoka wapi?

Nakuuliza kama mtu anayelijua lile ghala kwa kulikwangua. Nilipoondoka lilikuwa limebakiza nafasi ndogo tu karibu na mlango. Mashine, unasema mwenyewe, haikusimama. Stempu hazijafika, kwa hiyo hakuna kilichotoka kihalali. Katoni zinaongezeka kila siku, na ghala linazidi kuwa tupu mpaka mnapiga deki ukuta wa nyuma. Katoni zimekwenda wapi, Mwenyekiti? Zimepaa na mvuke?

Na Mama Mizani amekunwa koo na nini? Tangawizi ile imeanza kujazwa mimi nikiwa huku. Mimi mwenyewe, niliyeipika kwenye sufuria jikoni kwangu, sijaionja ikiwa ndani ya chupa. Bei Moja ameionja. Kona ameionja.

Nakujua. Umeona katoni zinalowa, ukatazama ng’ambo ya barabara, ukaiona stoo yako kavu, ukasema si hapo tu, hatua chache, na sijauza. Ukazivusha. Kisha ukawaona wenzako, ukasema chukueni mwonje, mtalipa mkiuza. Kwa mwenye duka hayo ni mambo ya kawaida. Unahamisha mzigo, unampa mwenzako kwa mali kauli, na mpaka kaunta ilie hakuna kilichotokea. Hukuiba. Hata hukudanganya, ulininyima tu habari. Lakini kila chupa uliyoivusha barabara ile imetoka. IMETOKA. Haina stempu. Na iko nje ya ukuta wangu mwezi ule ule Miwani anaokuja.

Nimepiga simu ya kiwandani asubuhi nzima. Inaita tu.

Sasa nisikilize, na kwa mara moja tangu uzaliwe usiongeze lako. Usizirudishe. Narudia, usirudishe hata moja kimya kimya. Zikionekana zinarudi itakuwa tunaficha. Funga stoo, nenda mwenyewe ofisi ya ushuru, mwambie Miwani: paa lilivuja, nimehamisha, hesabu ni hii, tudai. Tutalipa ushuru na faini ya uzembe. Uzembe una bei. Magendo hayana bei, yana kufuli.

Nenda leo.

Dada yako


15 Aprili

Dada,

Barua hii sijui niianze wapi. Simu sikuipokea kwa sababu nilijua ni wewe, na sauti yako siiwezi leo.

Sikukuambia jambo. Katoni za upande uliokuwa unavuja nilizivusha kwenda stoo kwangu. Nilisema moyoni, dada yangu ana mgonjwa, nisimwongezee. Na nilisema, sijauza hata chupa, nani atanidai? Kisha jana akaja mtu wa kuuza magazeti, akasema amemwona Miwani kituo cha mabasi na mkoba wake. Amekuja mapema. Nikawaambia watu wote, toeni mikokoteni, tunazirudisha.

Mvua ilikuwa inamwaga. Nilifikiri mvua ni rafiki, barabara haina mtu. Tumevusha mikokoteni minne, mimi mwenyewe nasukuma wa tano, shati limenigandia mwilini, nafika langoni nasikia mtu anasema, “Pole na kazi, Mwenyekiti.” Ni Miwani. Amesimama kwenye kibanda cha mlinzi, anajikinga mvua, anakunywa chai ya mlinzi. Alikuwepo tangu mkokoteni wa kwanza. Anapangusa miwani yake kwa kitambaa, anaivaa, ananitazama, anaivua tena.

Nikamwambia, “Bwana Afisa, hazijauzwa.”

Akasema, “Sijakuuliza kama zimeuzwa.”

Dada, alivyosema hivyo nikaisikia sauti yako. Hoja ileile. Nilitaka kukaa chini kwenye matope.

Mkokoteni wa tano ulinielemea pale pale, katoni mbili zikaanguka, chupa zikapasuka, soda ikaenda mtaroni na povu lake. Nikasema, basi hizo angalau zitoe, hakuna atakayezinywa. Akaandika. Nikamuuliza anaandika nini. Akasema lita. Hata ile ya mtaroni, Dada!

Kisha akahesabu zote kwa kutumia namba za mashine, kila chupa ina namba yake chini ya shingo, unajua. Zimepungua katoni nane. Ni zile nilizowapa Mama Mizani, Bei Moja na Kona waonje, na wateja wao waonje. Nimemweleza. Akasema, “Waje waseme.” Nimekwenda kwao. Mama Mizani amefunga duka saa sita mchana, jambo ambalo sijaliona tangu nimjue. Bei Moja anasema hanijui vizuri. Kona amesema, “Soda gani?”

Niambie nifanye nini. Na usiniambie nilikuambia. Najua.

Mdogo wako


17 Aprili

Mwanangu,

Barua hii anaandika nesi, mimi natamka. Nimemwambia aandike kila neno hata la kumsema yeye, na amekubali, ni binti mwenye subira ingawa sindano zake ni za hasira.

Mnadhani ninaumwa masikio? Dada yako anatembea koridoni akiongea peke yake. Anasema imetoka, imetoka. Nilidhani ni roho yangu. Kumbe ni soda.

Nimezisoma barua zako, alizificha chini ya kanga ulizoniletea, na kanga ni zangu. Sasa na wewe ujue la kwako. Amekuandikia mimi sijambo. Wamenikata vidole viwili vya mguu tarehe tisa, siku moja kabla hajakuandikia kwamba ninakula. Ijumaa ijayo wanakata tena, juu zaidi. Hakukuambia ili usikiache kiwanda. Wewe hukumwambia ya soda ili asiniache mimi. Nimezaa watu wawili wenye huruma na hakuna hata mmoja mwenye akili.

Usije. Mguu utakatwa ukiwepo na usipokuwepo. Lakini kiwanda kikifungwa nitarudi nyumbani na mguu mmoja nikute watoto wawili hawasemezani, na hilo ndilo litakaloniua. Fanya dada yako atakavyokuambia. Na kanga ya kijani ni nzuri, hii nyingine ulimfikiria nani?

Mama yenu


19 Aprili

Mdogo wangu,

Mama ameshakuambia, kwa hiyo tumelingana. Nisamehe. Sikujua niandike vipi neno kama kukata.

Barua zetu zilipishana njiani. Nilipokuwa naandika usizirudishe, wewe tayari ulikuwa unasukuma. Nimeisoma pale pa kibanda cha mlinzi nikacheka mpaka nikalia, na yule jamaa wa malori akanipa kitambaa, kisafi kabisa, sijui alikitoa wapi.

Nimempigia Miwani. Tumeongea bila kugombana, jambo ambalo halijatokea tangu anijue. Msimamo wake ni huu, na amekubali kuutia mhuri. Katoni zote zilizovuka tutazilipia ushuru, zilizorudi na zilizokwenda mtaroni. Hilo halina mjadala. Sheria haiulizi nani alikunywa. Nimekubali. Ni chungu, ni nusu ya fedha nilizotenga kwa paa, lakini nimekubali. Kuhusu leseni, ziko njia mbili. Zile katoni nane zikionekana, ziwe zimejaa au chupa tupu zenye namba zake, atazihesabu, ataandika kwamba mzigo ulihifadhiwa vibaya, tutapigwa faini, nitapewa leseni. Zisipoonekana, ataandika kwamba ziliuzwa kwa siri bila stempu. Hapo leseni haipo, na Fundi Mitambo, akiwa na umri ule, aanze kutafuta kazi.

Atakuwa langoni Ijumaa saa tatu. Ndiyo Ijumaa ile ile. Mama anaingia chumba cha upasuaji saa tatu na nusu. Siwezi kuwa sehemu mbili.

Wenzako wanaogopa kwa sababu kukutwa na soda isiyo na stempu rafuni ni kosa la mwenye rafu pia. Wana haki ya kuogopa. Lakini Miwani amesema anayeleta kwa mkono wake kabla hajafuatwa anatia sahihi na kwenda zake. Wewe ndiye uliyewaambia hakuna deni bila kuuza. Walikuamini, wakapiga makofi. Wewe ndiye unayeweza kuwaambia kinyume chake. Mimi wakinisikia watasema mwenye kiwanda anajitetea.

Waandikie. Na kwa jina la Mama, usisimame juu ya kreti.

Dada yako


21 Aprili

Kwa Mama Mizani, kwa Bei Moja, na kwa Kona. Nakala ukutani kwenye ubao wa chama chetu, ili asiwepo wa kusema hakuiona.

Ndugu zangu wenye maduka,

“Hakuna anayeweza kukudai kabla hujauza.” Nani alisema? Mimi, Mwenyekiti wenu, juu ya kreti, mwezi huu huu. Mlipiga makofi. Yarudisheni, sikustahili.

Nimesimama langoni kwenye mvua nikatozwa ushuru wa soda iliyomwagika mtaroni mbele ya macho yangu. Hakuna risiti. Hakuna mnunuzi. Hakuna kaunta. Kodi yenu na yangu ya mauzo isingegusa tone lile. Ushuru umeligusa, kwa sababu ushuru haujali nani kauza. Unajali nini kimetoka. Tofauti hiyo dada yangu alinieleza kwa ukurasa mzima na nusu, nikaifanyia mzaha.

Naipenda sheria hiyo? Siipendi hata kidogo. Kumtoza mtu kwa chupa iliyopasuka ni uonevu, na siku tutakapokwenda kudai ibadilishwe nitatangulia mbele na bango. Lakini sitakwenda na bango mkononi huku katoni nane ziko uvunguni mwenu. Watatucheka, na watakuwa na haki.

Mama Mizani, wewe ulichukua tatu. Ziko nyuma ya magunia ya mchele, niliona kona ya katoni ulipokuwa unanifungia mlango. Bei Moja, tatu, na unanijua vizuri sana. Nilikushikia ngazi ulipokuwa unaandika jina la duka lako. Kona, mbili. Soda gani, uliniuliza. Hiyo uliyompa mkeo, akanisimamisha barabarani kuisifu.

Hamkukosa kuzichukua. Niliwapa mimi, kwa maneno yangu. Mkizificha, hapo ndipo kosa linakuwa lenu, na wa kulilipa si ninyi wala mimi. Ni Fundi Mitambo na wenzake, na mwanamke mmoja aliyekinunua kiwanda kikiwa chuma chakavu. Afisa ameandika kwa mkono wake na kutia mhuri: anayeleta mwenyewe anatia sahihi na kuondoka. Karatasi hiyo nimeibandika chini ya barua hii. Isomeni, mwiguse, mwinuse mkitaka.

Ijumaa saa tatu na nusu asubuhi dada yangu atakuwa amekaa nje ya mlango wa chumba cha upasuaji, na mama yetu ndani. Kwenye mlango ule hana la kufanya ila kungoja. Mimi saa hiyo hiyo nitakuwa nje ya lango la kiwanda, na hapa nakataa kungoja tu, kwa sababu hili linaweza kufunguliwa na ninyi.

Leteni chupa. Zilizojaa, zilizonywewa nusu, tupu, zenye nzi ndani, zilizokwisha kugeuzwa za mafuta ya taa. Namba iko chini ya shingo, na hiyo ndiyo anayoitaka. Kama mnaona haya, mlinzi amekubali kutazama upande mwingine.

Mama Mizani, tatu. Bei Moja, tatu. Kona, mbili. Ijumaa, saa tatu, langoni. Leteni.

Mwenyekiti wenu